Shirika la ndege lililokufa linaweza kuruka tena? Maswali ya wasomaji wa Arusha na Moshi

Safari hii karibu barua zote zinauliza jambo moja kwa njia tofauti: mashirika ya ndege yaliyokufa, hasa Fastjet Tanzania, ambayo watu wa Kilimanjaro bado wanaikumbuka kwa nauli zake. Tumeyajibu maswali kadiri yalivyoingia. Mengine yametaka maelezo marefu, mengine mistari michache imetosha.

Habari za kazi jamani. Fastjet ilikuwa inatupeleka Dar kwa bei inayokaribia ya basi. Kuna siku itarudi? – Mama mwenye duka, Soweto, Moshi

Njema, mama. Kampuni ile ile, kwa leseni ile ile, hapana. Ilianza kuruka tarehe 29 Novemba 2012 kwa njia mbili, Dar–Kilimanjaro (uwanja wa KIA) na Dar–Mwanza, ikitumia Airbus A319 za kukodi na nauli iliyotangazwa kuanzia shilingi 32,000 kabla ya kodi na ada za uwanja. Baadaye ikahamia kwenye Embraer 190. Desemba 2018 Mamlaka ya Usafiri wa Anga (TCAA) ikatoa notisi ya siku 28 ya kusudio la kuifutia leseni: madeni, kutokuwa na ndege, na kukosa meneja mwajibikaji mwenye sifa. Wakati huo kampuni mama ya nje ilikuwa imeshajitoa. Ndege hazikuwa mali ya shirika, kwa hiyo ziliondoka na wenyewe.

Kinachoweza kurudi ni kampuni mpya yenye jina la zamani, na hata jina si bure, maana Fastjet bado inaruka Zimbabwe. Mtu hawezi kwenda BRELA, wakala wa usajili wa biashara, akasajili jina hilo kisha akapaka ndege rangi. Kuhusu nauli ya 32,000, tafadhali soma hesabu tuliyompa msomaji wa Kiboriloni hapo chini kabla hujaanza kuisubiri.

Shikamooni. Mimi ni mwanafunzi wa uhasibu hapa Arusha. Nini hasa kinatakiwa ili shirika liruke tena, hatua kwa hatua?

Marahaba. Anza kwa kutenganisha vibali viwili ambavyo hata magazeti huvichanganya. Cha kwanza ni leseni ya kutoa huduma za anga. Hiki ni kibali cha biashara, na hapo wanaangalia nani ana hisa, mtaji uko wapi, njia gani zinaombwa na mpango wa biashara una akili kiasi gani. Cha pili ni cheti cha mwendeshaji wa ndege, kinachojulikana kwa herufi AOC, nacho ni cha usalama. Unaweza kuwa na leseni mkononi na usiruhusiwe kubeba abiria hata mmoja kwa sababu AOC haijatoka.

AOC hupitia awamu tano: mazungumzo ya awali, maombi rasmi, uhakiki wa nyaraka, ukaguzi na maonyesho ya vitendo, halafu cheti. Kazi kubwa iko awamu ya tatu na ya nne. Shirika lazima liwe na meneja mwajibikaji mwenye mamlaka ya kweli juu ya fedha, pamoja na wakuu wa urukaji, mafunzo, matengenezo, usalama na huduma za ardhini, kila mmoja akiwa na sifa na uzoefu unaokubalika. Kisha vitabu: mwongozo wa uendeshaji, mwongozo wa udhibiti wa matengenezo, mfumo wa usimamizi wa usalama, orodha ya vifaa ambavyo ndege inaweza kuruka bila kuwa navyo na kwa masharti gani. Awamu ya nne wakaguzi wanataka kuona wahudumu wakifungua milango na kuondoa watu ndani ya muda uliowekwa, na ndege ikirushwa kwenye njia zilizoombwa bila abiria wa kulipa.

Mambo huharibika sehemu tatu. Ya kwanza ni vitabu vya kunakili kutoka shirika jingine. Mkaguzi humuuliza mkuu wa urukaji anabeba mafuta kiasi gani cha akiba akienda KIA na kiwanja mbadala kikiwa Nairobi, na bwana mkubwa anaanza kupekua kurasa ambazo hajawahi kuzisoma. Ya pili, mkuu mmoja akiacha kazi katikati ya mchakato, nafasi yake ijazwe na mpya apitishwe, na kazi husimama hadi hapo. Ya tatu ndiyo inayoua wengi: ndege kuletwa mapema. Kodi ya ndege inaanza kuhesabiwa siku inapokabidhiwa, siyo siku ya kubeba abiria wa kwanza. Ukiwa umekodi kwa dola 150,000 kwa mwezi na cheti kikachelewa miezi minne, umetumia dola 600,000 kwa chombo kilichoegeshwa, mbali na amana ya miezi miwili au mitatu ambayo mwenye ndege huidai mapema. Mpangilio salama ni watu kwanza, vitabu pili, mkataba wa awali wa ndege tatu, na ndege yenyewe ifike wakati awamu ya nne inaanza.

Ipo njia ya mkato: kununua kampuni ambayo AOC yake bado iko hai. Fastjet yenyewe iliingia Tanzania hivyo, kwa kupitia Fly540 Tanzania, haikuanza kutoka sifuri. Lakini ukibadilisha aina ya ndege au viongozi bado unarudi kwa wakaguzi. Na AOC ni ya kuhuishwa, kwa hiyo shirika lililolala miaka mingi halina cha kuuza upande huo.

Ndege ikiegeshwa uwanjani miaka sita, saba, si ni kuiwekea mafuta na betri mpya ikaruka? – Fundi magari, Sakina

Ndugu fundi, swali lako tumelipenda kuliko yote, maana uzoefu wako wa gari lililokaa uani utakusaidia nusu ya njia.

Tuanze na yanayoonekana. Matairi hujikunja upande mmoja kama ndege haijasogezwa. Sili za haidroli na mafuta hukauka, mfumo ukipewa presha huvuja kila kona. Ndani ya matangi, maji kidogo yaliyobaki chini ya mafuta huzalisha vijidudu vinavyotengeneza ute, ute huo huziba vichujio na kula chuma cha tangi. Nyigu hujenga ndani ya vijibomba vya kupima mwendo kama havikufunikwa, na rubani akiondoka hivyo kipimo cha mwendo kinamdanganya. Hapa Kilimanjaro hewa ni kavu kidogo kuliko Dar, ambako chumvi ya bahari huanza kutu kwenye viungo vya bawa mapema zaidi. Hiyo ni nafuu, lakini haiondoi kazi.

Injini ndiyo inayokula pochi. Ikiwa ilihifadhiwa kwa utaratibu, yaani mafuta ya kuhifadhia ndani, vifuniko, vifuko vya kunyonya unyevu na kumbukumbu za ukaguzi, kuna matumaini. Ikiwa iliachwa tu, mafundi wataingiza kamera nyembamba ndani, wakute kutu kwenye bapa za kompresa au beringi, na injini iende karakana kubwa nje ya nchi. Kwa injini ya ukubwa wa zile za A319 matengenezo kamili ni mamilioni ya dola kwa moja, na ndege ina mbili.

Halafu kuna vitu vinavyozeeka kwa kalenda hata ndege isiporuka hata dakika moja. Magurudumu na miguu yake hufanyiwa ukarabati mkubwa takriban kila miaka 10. Mitungi ya kuzimia moto, mitungi ya oksijeni, maboya, mateleza ya dharura, betri za redio ya uokoaji: vyote vina tarehe. Baada ya miaka saba karibu kila kimoja kimepita.

Na hata ukivilipia vyote, unaweza kukwama kwenye karatasi. Diski zinazozunguka ndani ya injini zina ukomo wa mizunguko, yaani kuruka na kutua, na lazima uonyeshe historia ya kila kipande tangu kilipotoka kiwandani. Kama shirika lilikufa vurugu, ofisi ikafungwa kwa amri ya mdai na mafaili yakapotea, diski nzima isiyo na ufa hata mmoja inahesabiwa kuwa chuma chakavu. Ndiyo maana wanunuzi wa ndege za zamani hufungua makabati ya nyaraka kabla ya kuitazama ndege. Mara nyingi uamuzi unaoeleweka kibiashara ni kuivunja na kuuza vipande vyenye historia kamili. Usisahau ada za maegesho, ambazo uwanja utazidai kabla ya kuiachia iondoke.

Dar–KIA watu wamejaa, hasa Desemba. Kwa nini mtu asipate faida? – Msomaji, Kiboriloni

Tufanye hesabu kwa makadirio ya kawaida ya biashara hii, siyo ya shirika lolote. Chukua ATR 72 yenye viti 70, kodi dola 150,000 kwa mwezi. Ikiruka saa 200 kwa mwezi, kodi ni dola 750 kwa saa. Weka akiba ya matengenezo dola 900 kwa saa, mafuta kama lita 800 kwa saa, tuseme dola 800. Ongeza marubani, wahudumu, bima, ada za kutua na za kuongoza ndege, mizigo, uuzaji wa tiketi na ofisi, dola 1,550. Jumla dola 4,000 kwa saa. Dar–KIA kuanzia kuondoka mpaka kusimama ni kama saa moja na robo, kwa hiyo safari moja ni dola 5,000.

Ndege ikibeba abiria 45, kila mmoja lazima alipe wastani wa dola 111 kabla ya kodi ili shirika lisipate wala lisipoteze. Ikibeba 56, ni dola 89. Sasa punguza saa za kuruka kutoka 200 hadi 100 kwa sababu ndege iko karakana au abiria hakuna: kodi peke yake inakuwa dola 1,500 kwa saa, na mishahara ya ofisini nayo inagawanywa kwa saa chache. Shirika la ndege moja likipata hitilafu moja halina ndege ya kuziba pengo, linarudisha nauli, linalipia hoteli, na wiki ifuatayo abiria wamehamia kwingine. Kwa maoni yetu mtu anayetangaza kurudi na ndege moja ya abiria 70 hajarudi bado. Mbili ndiyo mwanzo.

Desemba ya Moshi ni mtego mzuri. Kuanzia tarehe 18 hivi ndege za kupanda zinajaa watu wanaokwenda nyumbani kula Krismasi, lakini zile zile zinashuka Dar zikiwa na viti vingi vitupu. Baada ya mwaka mpya inageuka. Kwa hiyo msimu unaoonekana kujaa, kwa wastani wa kwenda na kurudi, umejaa nusu na kidogo. Halafu inakuja masika, Aprili na Mei, watalii wamepungua na kodi ya ndege iko pale pale. Anayetaka kuishi kwenye njia hii lazima awe na fedha za kuvuka masika mawili bila faida, huku akishindana na Air Tanzania na Precision Air kwa bei na, kwa abiria wa kipato cha chini, na basi na treni iliyorudi Moshi mwishoni mwa 2019 na Arusha 2020.

Nilikuwa na tiketi ambayo haikutumika. Shirika jipya likija na jina lile lile, litanilipa? – Kijenge

Hapana, isipokuwa limenunua madeni pamoja na jina, na hakuna mnunuzi mwenye akili anayefanya hivyo. Deni lako liko kwa kampuni ya zamani, na katika ufilisi mwenye tiketi husimama nyuma ya wenye dhamana na nyuma ya mishahara inayopewa kipaumbele. Kwa siku zijazo, kama mna kadi ya benki, nunueni tiketi za shirika changa kwa kadi badala ya fedha taslimu au kutuma kwa simu: benki inaweza kuombwa irudishe malipo ya huduma isiyotolewa, mradi muombe mapema, ndani ya miezi michache. Malalamiko ya abiria dhidi ya shirika lililo hai yaanze kwa shirika lenyewe kwa maandishi, kisha TCAA. Lipo pia baraza la watumiaji wa huduma za usafiri wa anga, TCAA-CCC.

Uganda Airlines walikufa 2001 na wamerudi. Sisi tunashindwa nini? – Mstaafu, Usa River

Mzee wetu, hatushindwi, maana Air Tanzania nayo ilirudi. Zote mbili ni watoto wa kifo kimoja, cha East African Airways mwaka 1977. Uganda Airlines ilipokea ndege zake mbili za kwanza, aina ya CRJ900, Aprili 2019, ikapata AOC Julai, ikaruka na abiria Entebbe–Nairobi tarehe 28 Agosti. Kutoka ndege kufika hadi tiketi ya kwanza ni miezi minne tu, kwa sababu watu na vitabu vilikuwa vimeandaliwa. Air Tanzania ilishapitia South African Airways, iliyonunua asilimia 49 mwaka 2002 na kuondoka 2006, ikasimamishiwa cheti Desemba 2008, ikabaki haina ndege inayoruka mwaka 2011, kisha ikafufuliwa kwa ndege mbili za Q400 zilizowasili Septemba 2016.

Tofauti yao na Fastjet ni nani anabeba hasara. Ndege za Air Tanzania (ATCL) zinanunuliwa na serikali kupitia wakala wake wa ndege, shirika linazikodi. Ripoti ya mkaguzi mkuu wa hesabu za serikali (CAG) ya 2022/23 ilionyesha hasara ya zaidi ya shilingi bilioni 56, sehemu yake ikitokana na ndege za A220 kukaa chini kwa matatizo ambayo injini zake zilitoka nayo kiwandani. Shirika binafsi lingepigwa na jambo kama hilo miezi michache tu lingefunga mlango. Kwa hiyo ukiuliza kama shirika lililokufa linaweza kurudi, uliza kwanza ni la nani. La serikali linarudi serikali ikiamua. La binafsi linahitaji mtu anayekubali kupoteza fedha kwa muda mrefu, na watu hao hawaji wengi.

Serikali nayo ina gharama yake ya pekee: madai dhidi ya nchi huifuata ndege. Q400 ilizuiwa Canada 2017, A220 ikazuiwa Johannesburg Agosti 2019, kwa madeni ambayo hayakuhusu usafiri wa anga kabisa.

Nina kampuni ya kupeleka wageni mbugani, wengi Wajerumani na Waholanzi. Shirika likirudi naweza kuwapandisha? – Njiro

Ndani ya Tanzania, ndiyo, sheria haikukatazi. Lakini tangu Juni 2025 Umoja wa Ulaya umeyaweka mashirika yote yaliyopewa cheti Tanzania kwenye orodha yake ya usalama, Air Tanzania ikiwa imetangulia Desemba 2024. Orodha hiyo inazuia kuruka kwenda Ulaya. Athari kwako ni nyingine: wakala wa Ulaya aliyekuuzia wageni anapaswa kuwaambia mapema watapanda shirika gani, na shirika likiwa kwenye orodha mgeni anaweza kudai kurejeshewa fedha au kubadilishiwa usafiri. Bima nyingi za safari nazo zina kifungu kuhusu jambo hilo.

Shirika litakalofufuka leo litaingia kwenye orodha hiyo siku litakapopata cheti, hata likiwa na ndege mpya na marubani bora, kwa sababu kinachotiliwa shaka ni usimamizi wa nchi nzima. Kwa vitendo: andika jina la shirika kwenye vocha, mtumie wakala wa Ulaya kwa maandishi kabla ya kukata tiketi, uhifadhi jibu lake. Na uwe na bei ya njia ya gari kwa mgeni atakayekataa.

Kwa nini wasianzie uwanja wa Arusha, Kisongo, karibu na mjini, badala ya KIA? – Ngaramtoni

Kwa ndege ndogo, hilo ni wazo bora kuliko yote tuliyotumiwa. Precision Air yenyewe ilizaliwa Arusha mwaka 1993 kama kampuni ya ndege za kukodi. Kinachoisumbua ndege kubwa Kisongo ni urefu wa kiwanja ukijumlishwa na mwinuko. Uwanja uko kama mita 1,387 juu ya usawa wa bahari. Siku ya nyuzi 28 hewa inakuwa nyepesi kiasi kwamba ndege hujiona iko karibu mita 2,200. Injini inatoa nguvu pungufu, bawa linahitaji mwendo mkubwa zaidi, njia ya kurukia inayohitajika inarefuka. Suluhisho la rubani ni kupunguza uzito, na uzito unaopunguzwa ni abiria, mizigo au mafuta, yaani mapato. KIA iko mita 894 na ina njia ya kurukia ya mita 3,600, kwa hiyo huko jeti haina shida.

Cessna Caravan ya abiria 12 hivi inafanya kazi Kisongo bila malalamiko. Anayetaka kufufua jina angeanza na Caravan mbili, Arusha–Seronera na Arusha–Zanzibar, na kukuza cheti chake polepole. Ajipange kwa ukarabati mkubwa wa injini kila saa 3,600 na ukaguzi wa sehemu ya moto ya injini katikati ya hapo, na kwa bapa za propela zinazochubuliwa na kokoto za viwanja vya mbugani. Ushindani upo, kampuni za aina hiyo Kisongo si haba, lakini makosa ya mwaka wa kwanza yanagharimu maelfu ya dola badala ya mamilioni.

Nimetumiwa ujumbe kuwa shirika "linarudi" na linaajiri wahudumu KIA, nitume 50,000 ya fomu. Nitume? – Majengo, Moshi

Usitume. Shirika lisilo na AOC bado linaweza kuajiri, na lazima liajiri kabla ya cheti, lakini linaowahitaji wakati huo ni wakuu wa idara, marubani na mafundi wenye leseni. Wahudumu huitwa baadaye, na mafunzo yao ya aina ya ndege hulipiwa na shirika au hukatwa kwenye mkataba, hayalipiwi kwa namba ya simu ya mtu binafsi. Piga simu TCAA uulize kama kampuni hiyo imewasilisha maombi ya leseni. Wakikuambia haijulikani, ripoti namba hiyo polisi na kwa mtandao wako wa simu.